MAONI: Wasee wa magari ya zamani, chagueni giaboksi kabla ya injini

Siku ukipewa lifti kwenye Probox au zile Fielder za kwanza kwanza, tupa jicho kwenye dashibodi. Huenda ukaona taa ndogo ya rangi ya machungwa imeandikwa O/D OFF. Muulize dereva ni ya nini. Nimeuliza wengi. Mmoja aliniambia, "Hiyo iko hivyo tu tangu ninunue." Mwingine aliapa kwamba inaongeza nguvu. Halafu jamaa huyo huyo anaenda Nakuru na kurudi akilia kuhusu bei ya petroli.

O/D ni kifupi cha ovadraivu. Ni ile gia ya juu kabisa ambayo injini inapunguza kasi ya kuzunguka huku gari likiendelea na mwendo ule ule. Taa ikiwaka bila kupepesa, ina maana mtu amebonyeza kile kitufe kilicho kwenye mkono wa gia na kuizima. Amelipia gari la gia nne, anatumia tatu.

Sichekelei mtu. Nilisoma uhandisi wa mitambo chuoni mwaka mmoja na nusu kabla karo inishinde, na hata mimi sikuwa naelewa hicho kitufe. Kilichonifunza ni Cressida ya mwaka 1982, mathe wangu, na giaboksi mbovu iliyokaa sebuleni kwetu.

Cressida ilikuwa ya mzee. Alipotuacha, ilibaki nje ya nyumba ikiwa na injini ndogo ya kabureta iliyokuwa inakula oili kuliko petroli. Mathe alikuwa anaijua ile gari kama anavyojua jikoni kwake. Lakini pikipiki ilimgonga mwaka fulani, goti la kushoto likaharibika, na klachi ya Cressida ilikuwa nzito kama mlango wa benki. Akawa anaiosha Jumamosi na kuiangalia tu.

Mimi nikaamua naibadilishia injini. Ndoto yangu ilikuwa ile ya kila kijana anayeshinda kwa video za magari: 2JZ, gia tano za mkono, kelele hadi wasee wa Thika Road wageuke. Nilipomwambia mathe, hakukataa. Alisema tu, "Mwanangu, weka injini unayotaka. Lakini siku moja nataka kuiendesha mwenyewe hadi kwa baba yako."

Kwa baba ni Kakamega. Zaidi ya kilomita 350 kutoka Nairobi, na yeye hawezi kukanyaga klachi hata kutoka kwa geti.

Hapo ndipo plani yangu yote ilianza kuonekana ya kitoto. Na hapo ndipo maoni yangu ya leo yanatoka: ukitaka kubadilisha injini ya gari la zamani, anza na giaboksi. Injini ije baadaye. Na kama gari litatumika barabarani kila siku, giaboksi ya otomatiki yenye ovadraivu si aibu. Mara nyingi ndiyo chaguo la mtu aliyefikiria.

Mbogi yangu ilinicheka vibaya. "Oto ni ya watu waliochoka," mmoja aliniambia. Nikawa nabishana nao usiku, mchana natafuta vipuri. Nikapata injini ya 1JZ-GE, lita 2.5, silinda sita, si ya tabo. Giaboksi nikanunua kwa pupa kutoka kwa muuzaji mmoja aliyeniambia, "Hii inaingia tu." Pesa hiyo nilikuwa nimeikusanya miezi minne nikiuza kava za simu mtandaoni. Nilipoifikisha nyumbani nikagundua soketi za waya zimekatwa kwa kisu na kompyuta yake haipo. Muuzaji akaacha kushika simu. Mathe alikaa wiki moja akiitazama ile chuma pale kando ya kochi, halafu akaifunika kitambaa cha krosheti na kuweka redio juu yake.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee ambaye hata hakuwa na simu ya maana. Aliniuliza, "Kijana, unataka hili gari lifike wapi?"

"Mzee, mi nataka tu liende."

"Sijakuuliza kama litaenda. Nimeuliza lifike wapi."

Nikamwambia habari ya Kakamega na goti la mathe. Akachukua chaki, akaandika hesabu sakafuni. Hesabu hiyo hiyo ndiyo nataka kukupa wewe, kwa sababu chuoni nilifundishwa fomula yake na sikuwahi kuambiwa ni ya kufanya nini.

Cressida yetu ina tairi za 185/70 R14. Tairi hilo likizunguka mara moja, gari linasonga takriban mita 1.93. Ukiwa kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, tairi linazunguka karibu mara 863 kwa dakika. Difu yetu ina uwiano wa 4.1, maana yake propela inazunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Zidisha: propela iko karibu 3,540 kwa dakika.

Sasa kama gia yako ya juu ni moja kwa moja, yaani 1.00, injini nayo iko 3,540. Saa nzima, injini inapiga kelele, redio husikii, na mafuta yanashuka. Lakini giaboksi ya Toyota ya A340E, ambayo iliwekwa nyuma ya injini za JZ, ina gia nne: 2.804, 1.531, 1.000 na 0.705. Ile ya mwisho ndiyo ovadraivu. 3,540 mara 0.705 ni karibu 2,500. Mwendo ni ule ule, tairi ni zile zile, lakini injini imepumzishwa mizunguko zaidi ya 1,000 kila dakika. Kwa saa moja hiyo ni mizunguko zaidi ya 60,000 ambayo injini haikulazimika kuzunguka.

Kuna mjanja atasema, "Si ubadilishe tu difu?" Nilisema hivyo pia. Mzee akafuta chaki na mguu, akaanza upya. Chukua otomatiki ya zamani ya gia tatu, tuseme gia ya kwanza ni 2.45 na ya mwisho ni 1.00. Ili upate ile 2,500 kwa kilomita 100, unahitaji difu ya karibu 2.89. Sasa angalia unavyoondoka: 2.45 mara 2.89 ni kama 7.1. Kwa A340E na difu yetu ya 4.1, ni 2.804 mara 4.1, yaani 11.5. Umepoteza karibu asilimia 38 ya mvuto wa kuondokea. Barabarani gari litatulia, lakini kupanda mlima ukiwa na familia ndani na gunia la mahindi kwa buti, utajuta. Ovadraivu inakupa zote mbili, kuondoka kwa nguvu na kusafiri kwa utulivu.

Wamarekani walipitia hii stori kabla yetu. Magari yao ya miaka ya 60 na 70 yenye V8 yalikuwa na otomatiki za gia tatu kama TH350 na TH400 za General Motors, gia ya mwisho 1.00. Baada ya mafuta kuwa ghali miaka ya 70, Ford ikaleta AOD mwaka 1980, na General Motors ikaleta 700R4 mwaka 1982, gia zake zikiwa 3.06, 1.63, 1.00 na 0.70. Leo mtu wa kule akifufua gari la babu yake na kuweka injini mpya, swali la kwanza ni aweke 700R4, 200-4R, 4L60E au 4L80E. Wanabishana usiku kucha kama sisi tunavyobishana kuhusu mpira.

Kuna somo moja kubwa kwenye ubishi wao. 700R4 haina kompyuta ya kuamua presha ya mafuta. Inategemea kebo inayotoka kwenye kabureta. Kebo hiyo ikiwekwa vibaya, hata kidogo, presha inakuwa chini, sahani za klachi za ndani zinateleza na kuungua. Giaboksi nzima inaweza kufa kwa sababu ya kebo moja. 4L60E ina gia zile zile, lakini inaongozwa na umeme, kwa hivyo bila kompyuta haibadilishi gia inavyotakiwa. 4L80E ina mwili mkubwa wa kubeba injini kali, lakini ni nzito na ovadraivu yake ni 0.75 tu. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Kuna inayofaa injini yako, mwili wa gari lako na safari zako.

Ukileta somo hilo hapa Nairobi, maswali ya kujiuliza kabla hujatoa hata shilingi ni haya.

Kwanza, inaongozwa na nini? Kama ni ya umeme, usinunue giaboksi pekee. Nunua injini, giaboksi, kompyuta na waya zake zote kutoka gari moja, soketi zikiwa nzima. Ukiona zimekatwa, tembea. Mimi nilikuwa nimeambiwa "inaingia tu", na kweli iliingia. Iliingia sebuleni.

Pili, injini yako ina nguvu ya kutosha kuivuta ovadraivu? Hii watu husahau. Ukiweka ovadraivu kubwa kwenye injini ndogo yenye difu ndefu, injini itakohoa. Kila kilima kidogo giaboksi itashuka gia, ikipanda kidogo inarudi, inashuka tena, hadi abiria waanze kuumwa na kichwa. Kwa injini kama 1JZ hakuna shida. Kwa injini ya 1300 ya kabureta, fikiria mara mbili.

Tatu, joto. Ndani ya otomatiki kuna toki konvata, kama feni mbili zinazotazamana ndani ya mafuta: moja inazungushwa na injini, nyingine inasukumwa na mafuta hayo. Zinapoteleza, joto linapanda, na joto ndilo linaloua otomatiki. A340E ina kufuli ndani ya konvata inayoziunganisha ukiwa umetulia barabarani, ili utelezi uishe. Hata hivyo, radieta ya gari lililozaliwa na gia za mkono haina njia ya kupoza mafuta ya giaboksi. Lazima uongeze kipoozeo chake. Ukiambiwa si lazima, muulize huyo anayekuambia kama atakuja kukuvuta Mai Mahiu.

Nne, chumba. Pima nafasi ya chini kabla ya kuanza kukata chuma. Otomatiki ni nene kuliko gia za mkono, mhimili wa kuishikilia utasogezwa, na propela itakatwa na kusawazishwa upya. Kumbuka ile hesabu: ovadraivu inapumzisha injini, lakini propela bado inazunguka 3,540. Isiposawazishwa utasikia gari likitetemeka kama posho mill. Angalia pia kama spidomita yako ni ya kebo ilhali giaboksi inatoa mawimbi ya umeme.

Tano, breki na karatasi. Injini yenye nguvu zaidi kwenye breki za 1982 ni ujinga, na sitaki kuusema kwa upole. Na namba ya injini imeandikwa kwenye logbuku. Ukibadilisha injini, fuata utaratibu wa NTSA gari likaguliwe na namba ibadilishwe. Siku ya ajali au siku ya kuuza, hiyo karatasi ndiyo itakutetea.

Sasa niwape wapinzani wangu haki yao, kwa sababu si wote wanaongea upuzi.

Kuna wanaosema gari la zamani liachwe lilivyotoka kiwandani. Kama una gari adimu, kila kitu chake halisi kikiwa bado kipo, nakubaliana nao. Liache. Lakini Cressida yetu ilikuwa inasubiri kuwa banda la kuku. Kati ya gari halisi lisilotembea na gari lililobadilishwa linalombeba mama yangu, sihitaji kura.

Kuna wanaosema gia za mkono ni rahisi kutengeneza na kila fundi anazijua. Ni kweli. Ukivunjikiwa mahali mbali na mji, heri klachi kuliko kompyuta. Pia kuendesha gia za mkono ni raha, hiyo sitakataa. Kama unajenga gari la wikendi, la kuchezea, endelea na tano zako. Nachokataa ni ile dharau ya kwamba otomatiki ni ya wamama na wazee. Kwanza, hao wamama na wazee ndio walinunua haya magari tunayoyaringia. Pili, mtu mwenye mguu mmoja unaouma ana haki ya kuendesha gari lake.

Na kuna wale wa upande mwingine kabisa, wanaosema kwa nini gia nne wakati kuna tano na sita. Toyota ina A650E ya gia tano, gia ya kwanza 3.357 na ya mwisho 0.753. Tamu. Lakini ina umeme mwingi zaidi, na kila waya unaoongeza ni siku nyingine fundi anakaa chini ya gari akikuna kichwa. Kwa pesa zangu na kwa fundi niliyekuwa naye, gia nne zilitosha. Kutosha si neno baya.

Kitu kinachonikera kwenye kizazi chetu cha magari ni kwamba tunajenga kwa ajili ya video ya sekunde 30. Injini inawashwa, moshi unatoka, watu wanapiga mayowe, halafu gari linarudi kwa gereji miezi sita kwa sababu giaboksi haikufikiriwa. Nawajua wasee watatu wenye injini kali zilizofungwa kwa turubai. Pesa zimeisha, difu haiendani, propela haipo. Injini ndiyo tunapiga picha. Giaboksi haionekani, kwa hivyo inaachiwa zile sarafu za mwisho. Lakini nguvu isiyofika kwa tairi ni kelele tu.

Nilianza upya. Nikauza ile injini ya kwanza, nikangoja, nikanunua injini na A340E zikiwa zimeshikana, waya zote, kompyuta yake ndani ya mfuko wa plastiki. Ilichukua karibu mwaka mzima. Ile giaboksi ya zamani bado iko sebuleni, redio bado iko juu yake. Mathe amekataa nisiiuze kwa vyuma chakavu. Anasema ameizoea.

Tulienda Kakamega mwezi wa nne. Mathe aliendesha kutoka Nakuru. Mguu wa kushoto ulikuwa umekaa tu pale, hauna kazi. Tulipoanza kupanda kuelekea Mau Summit, gari likaanza kuyumbayumba kati ya gia ya tatu na ya nne, nikamwambia, "Mama, bonyeza hicho kitufe cha pembeni." Taa ya O/D OFF ikawaka, giaboksi ikatulia kwenye tatu, tukapanda bila fujo. Kule juu, njia ilipolala, kabla sijafungua mdomo, akakibonyeza tena mwenyewe. Taa ikazima. Injini ikashusha sauti.

"Kumbe ni hivyo tu," akasema.

Ni hivyo tu. Kitufe kina kazi mbili: kizime ukipanda, ukivuta mzigo au ukishuka mteremko mrefu ili injini isaidie breki. Kiwashe njia ikinyooka. Kesho ukiingia kwenye gari, angalia hiyo taa. Ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tu, kompyuta inakuambia giaboksi ina tatizo, mwone fundi. Ikiwa imewaka tu na uko kwenye barabara tambarare, bonyeza.

Na wewe mwenye turubai nyuma ya nyumba, kabla hujatafuta injini nyingine kali zaidi, jibu kwanza swali la yule mzee. Unataka hilo gari lifike wapi, na nani atakuwa kwenye usukani?